Marehemu wa Alhamisi na Watani Wake Walioachwa Nje

Ezekia Ndahani,
Fundi Baiskeli,
Isevya, Tabora.

Kwa Bi Zeyana Ghalibu,
Mratibu wa Maonyesho ya Mchana kwa Wanafunzi,
Ukumbi wa Ghala la Nta,
Kanyenye, Tabora.

Ndugu Mratibu,

KUH: MAREHEMU SILASI KAPELA, ANAYEKUFA KILA ALHAMISI SAA NANE MCHANA NA KUZIKWA BILA WATANI

Nakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako. Kwa umri, wewe ndiye wa kuniamkia mimi, lakini kwa kuwa hii ni barua na wewe haupo hapa, nimejiitikia mwenyewe marahaba na tumemalizana.

Jina langu unalijua. Liko mlangoni pako, limeandikwa kwa kalamu nyekundu chini ya kanuni za ukumbi, na mlinzi hulisoma kila Alhamisi kabla ya kunitazama usoni, kana kwamba wiki hii huenda nimekuwa mtu mwingine. Mimi ni fundi baiskeli. Nilikuja Tabora kijana, kwa reli, nikitokea Ugogo, nikasema nitakaa kidogo tu nitafute nauli ya kurudi. Sasa nina wajukuu. Shule niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nimejifunza kwenye magazeti ninayofungiwa vipuri, ndiyo maana habari nyingi za dunia ninazijua nusu ya juu tu. Ukiona mahali nimekosea, chukulia kwamba jibu lilikuwa nusu ya chini.

Kwanza nieleze kilichotokea, maana siku ile wewe ulikuwa juu kwenye chumba cha taa, na taarifa uliyoipata ni ya Mwalimu Godbless. Mwalimu Godbless ni kijana mwema. Anafundisha vizuri, na mjukuu wangu Mektilda, wa darasa la sita, anamsifu kila siku. Lakini ametoka Kilimanjaro mwaka juzi, na mtu aliyetoka Kilimanjaro mwaka juzi akikueleza nani alileta fujo kwenye msiba wa Mnyamwezi, msikilize kama ambavyo ungenisikiliza mimi nikikueleza habari za theluji.

Shule iliomba wazee wachache wa kuwavusha watoto barabara na kukaa nao ukumbini. Nikavaa koti. Tukakaa benchi la pili, mimi na Mektilda na darasa zima la sita. Taa zikapunguzwa, ngoma ikaanza, wakaingia wapagazi na mizigo yao kichwani, wakiimba, wakizunguka jukwaa kana kwamba wanatoka hapa Unyanyembe kwenda pwani. Nilifurahi, sifichi. Ukumbi wenyewe bado unanukia nta ya babu yako, na kwa muda niliamini kabisa kwamba mizigo ile ina kitu ndani.

Kisha wakafika Ugogo, na hapo nitarudi. Mpagazi mzee akaugua, akalala, akaomba maji, akafa. Mpagazi huyo alikuwa Silasi Kapela. Silasi ni seremala, Mnyamwezi wa Bukene, mwimbaji wa kwaya ya Moraviani, na ni mtani wangu tangu tulipokuwa wote wawili na meno. Wenzake wakamfunika shuka, wakamweka juu ya machela, wakazungushia kamba mahali palipokuwa kaburi. Watoto wakanyoosha shingo. Mmoja nyuma yangu akaanza kulia.

Nikasubiri mtani aingie.

Nisikuchoshe kwa mambo unayoyajua, ila kwa ajili ya jalada, acha yaandikwe: Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ilipokuwa ikipita kwetu. Wao walikuwa na mizigo, sisi tulikuwa na maji. Walitukanana sana pale kisimani, mpaka pande zote mbili zikaona ni hasara kumpiga mkuki mtu anayetukana vizuri kiasi kile. Tangu hapo, Mnyamwezi akifa, Mgogo ana kazi msibani. Anaiga mwendo wa marehemu. Analala kaburini na kukataa kutoka. Anadai jogoo ndipo mazishi yaendelee. Anafanya hivyo mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa bado yako mashavuni, na hapo ndipo watu huweza kuinua jeneza. Sisi tukifa, wao hutulipa vilevile, na wana kumbukumbu ndefu.

Basi nikatazama pazia la kulia. Nikatazama la kushoto. Nikasema amechelewa, labda bado anavaa. Hakuna mtu. Wakainama kuinua machela. Bi Zeyana, niapishe kwa Biblia au kwa kitabu chochote mlicho nacho ofisini: miguu ilisimama kabla yangu.

Nikapanda jukwaani, nikalala ndani ya kamba. Nikasema, “Wekeni chini! Huyu haendi kokote, kaburi lina mwenyewe.”

Kiongozi wa kikundi, kijana Revocatus, ambaye alishika machela mbele, akaninong’oneza, “Mzee, tafadhali, shuka.”

Nikamjibu kwa sauti, maana msiba hauna siri, “Nishuke niende wapi tena, nimeshafika chini kabisa! Leteni jogoo.” Nikamgeukia marehemu. “Na wewe Silasi, mbona umekufa kivivu hivi? Umebeba pembe za watu huku na huko, pampu yangu ya baiskeli imekushinda kubeba toka kwako mpaka kwangu?”

Shuka likaanza kutikisika. Kutoka chini yake marehemu akasema, “Jamani Wagogo! Mtu amekufa kwa kiu kwao, na bado wanamwomba!”

Ukumbi ulilipuka. Yule mtoto aliyekuwa akilia alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, ikabidi apigwe mgongoni. Marehemu akakaa, akalikusanya shuka, akanifukuza nalo kuzunguka jukwaa, na mpaka kengele ya shule inakumbukwa, hakuna mtu aliyekuwa amezikwa. Mwalimu Godbless akanishika kiwiko kwa adabu sana, akasema, “Mzee wangu, hili ni igizo.”

Nikamwambia, “Najua ni igizo, mwanangu. Kwani umeniona nimekuja na jembe?”

Alhamisi iliyofuata nikakuta jina langu mlangoni. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Kwamba marehemu anazikwa bila watani wake, si mara moja, bali kila wiki ya muhula. Hakuna Mnyamwezi katika historia aliyekufa mfululizo namna hii bila Mgogo hata mmoja kumtukana. Na baya zaidi ni kinachofuata. Mektilda ameniambia kwamba siku hizi, tangu mlipotundika kanuni ya ukimya, machela ikishatoka watoto hupiga makofi. Makofi! Nimehudhuria misiba ya watu wasiopendwa kabisa, wengine wakiwa na madeni mtaa mzima, sijawahi kuona maiti akipigiwa makofi. Na maiti mwenyewe, Mektilda ananiambia, anarudi, anainama mbele ya watu, anatabasamu. Tunawafundisha nini watoto hawa?

2. Kwamba Wagogo katika igizo lenu ni wawili tu, wote wamepakwa udongo mpaka masikioni, na kazi yao ni kusimama kisimani wakisema “Hongo! Hongo!” kama vyura. Sikatai kwamba tulitoza hongo, ushuru wa kupita kwetu. Maji yalikuwa yetu. Mtu anakuja na msafara wa watu mia kadhaa, wana kiu, wana punda, wanafika kwenye kisima kimoja mlichochimba kwa mikono katika nchi ambayo mvua huja kwa ahadi, halafu anashangaa kuulizwa amekuja na nini? Wewe mwenyewe hapo mlangoni una mlinzi, na watoto wa shule wanaonyesha tiketi. Sijaona mtu akikupaka udongo.

Ningependekeza pia Wagogo wawe wanene kidogo. Wale vijana wawili ni wembamba, na watazamaji wanaweza kupata picha kwamba hongo haikutusaidia.

3. Kwamba igizo limetoka ukumbini na kuingia Isevya bila kubisha hodi. Mwanzoni tulifurahi. Mektilda alikuwa akileta maji kwa kuimba, ndoo kichwani, mkono kiunoni, na mimi nikawaambia majirani kwamba sanaa ni kitu kizuri. Tatizo ni kwamba katika igizo kuna mahali wapagazi wanaonewa, wanatua mizigo njiani, wanakaa juu yake na kukataa kuendelea mpaka mkubwa wa msafara aje wazungumze. Somo hilo limeeleweka kuliko hesabu. Jirani yangu Mama Imakulata alimtuma mwanawe mashineni, na jua likaanza kuegemea upande wa pili bila unga wala mtoto. Akamkuta nusu ya njia, amekalia ndoo ya mahindi, amekunja mikono.

“Unafanya nini hapa?”

“Tumegoma, mama. Tunataka kuzungumza.”

“Mmegoma wewe na nani?”

“Mimi na msafara.”

Mama Imakulata alirudi nyumbani kuchukua mwiko, wakazungumza, msafara ukaendelea.

Kisha wakaja na kamba. Wameifunga kichochoroni, kati ya kibanda changu na duka la mkaa, na kila anayepita anaambiwa hapa ni Ugogo, toa karanga. Nilipowafikia niliwaambia kwa upole, “Wajukuu zangu, Mgogo ni mimi.” Wakashauriana pembeni, wakarudi. Wakasema basi kama Mgogo ni mimi, hizo karanga nilizokwisha kuwatoza watu ziko wapi, nizigawe. Nilitoa karanga. Naomba hili lisifike Dodoma.

4. Kwamba Silasi mwenyewe hakamatiki tena. Hapo awali alikuwa seremala wa kawaida, mwenye kuchelewesha milango ya watu kama maseremala wenzake. Sasa akipita, watoto wa shule wanasimama kando ya njia na kusema kwa pamoja, “Shikamoo marehemu!” Na yeye anaitikia. “Marahaba, wanangu.” Anaitikia kwa sauti nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali. Kwenye baraza la kahawa pale Kanyenye wanampisha kiti, na kikombe cha kwanza anaomba cha bure kwa hoja kwamba jana alikufa kwa kiu. Nimemwambia kwamba mimi nimekunywa kahawa pale tangu kabla hajajifunza kufa, na hakuna aliyenipisha hata benchi. Akanijibu, “Wewe hujafanya jambo lolote kubwa, Ezekia. Unaendelea tu kuishi.” Watu wa kahawa wakacheka. Nami nilicheka, maana utani ni utani, lakini nililala nao.

5. Hili nimelifuta kwa ushauri wa Mektilda. Lilimhusu mlinzi wako, na kumbe ni shemeji wa mteja wangu.

6. Kwamba adhabu niliyopewa haina miguu ya kusimamia. Nimelifikiria jambo hili nikiwa na gurudumu mkononi kwa siku nyingi, na kila nikiligeuza linarudi palepale. Ama kifo cha Silasi pale jukwaani ni cha kweli, ama ni cha uongo. Kama ni cha kweli, mimi nilikuwa kazini, na aliyepaswa kutolewa nje ni yule anayezuia watani. Kama ni cha uongo, basi kaburi lilikuwa la uongo, jogoo niliyemdai alikuwa wa uongo, na fujo niliyoifanya ilikuwa ya uongo vilevile. Sasa inakuwaje nifukuzwe kwa kweli? Nifukuzeni kwa uongo. Mlinzi aigize kunizuia, mimi niigize kusikitika, kisha niingie nikakae.

Na kama mtashikilia kwamba kifo kile si cha kweli wala si cha uongo bali ni sanaa, kama alivyoniambia Revocatus, basi twendeni mbele. Yule mtoto alilia machozi ya kweli. Penye machozi ya kweli kuna msiba, penye msiba kuna matanga, na penye matanga watu hula. Ukumbi wako, kwa hesabu hiyo, unadaiwa sufuria la ugali kila Alhamisi jioni, mlenda juu yake kwa heshima ya mahali marehemu alipofia, na shule zote zilizohudhuria hazipaswi kufundisha Ijumaa, kwa kuwa wanafunzi ni wafiwa. Mektilda ameliunga mkono jambo hili la Ijumaa kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

7. Hili la mwisho nimelikalia sana, maana si la kucheka.

Mimi na Silasi tuliahidiana zamani kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayelala kaburini kwanza. Tulikuwa tunatania, lakini tulipeana mikono. Sasa mwaka jana alifariki fundi mwenzetu, Erasmus, Mnyamwezi wa hapahapa, mtu ambaye angekuibia spana na kukusaidia kuitafuta. Nilikwenda msibani nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumtania Erasmus, akiba ya miaka. Nikakuta mahema, viti vilivyovalishwa vitambaa, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na ratiba. Nikamuuliza yule mshereheshaji watani tunaingia saa ngapi. Alitazama karatasi yake mbele na nyuma, kwa uungwana kabisa, akasema, “Mzee, hicho kipengele kamati haijanipa.” Vijana waliokaa jirani walinitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwenda sokoni. Nikakaa. Tukamzika Erasmus kwa muda uliopangwa, na mjane wake hakucheka hata mara moja siku nzima. Mpaka leo nikikutana naye njiani ninamsalimu haraka na kupita, kwa sababu maneno yale bado ninayo na hayana pa kwenda.

Watoto wa benchi la pili, Bi Zeyana, ndio watakaotuzika mimi na Silasi. Sisi hatuna watu wengine. Na mahali wanapojifunzia namna mtu anavyozikwa si nyumbani tena, wala si msibani, ambako hawapelekwi tena, wanaachiwa simu wakae ndani. Wanajifunzia hapo kwako, Alhamisi, saa nane mchana. Umewaonyesha wapagazi, umewaonyesha mizigo, umewaonyesha mpaka hongo. Kile kitu kimoja ambacho njia ile ndefu ilituachia sisi maskini wa pande zote mbili, hicho umekiwekea mlinzi.

Kwa hayo, ninaomba yafuatayo, na ninaomba kwa heshima:

Maonyesho yote ya mchana kwa wanafunzi yasimamishwe mara moja, mkoa mzima ikiwezekana. Kama hilo ni gumu, basi marehemu asife. Augue tu, apewe maji, aendelee na safari. Kama ni lazima afe ili igizo liwe na uzito, afe mahali ambako hakuna mtani wake, ingawa nimeifuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani ya Mektilda, kutoka hapa mpaka baharini, na kila nilipoweka kidole palikuwa na watani wa Mnyamwezi. Na kama hata hilo haliwezekani, basi kanuni ya ukimya ifutwe, jina langu lifutwe, na kuwe na kiti cha mtani ukumbini, mbele, chenye mgongo.

Aidha, nimechukua hatua moja bila kukuuliza. Familia yenu, kwa ninavyofahamu, haina watani, na si kosa lenu. Babu zenu walikuja kufanya biashara na hawakukaa kisimani muda wa kutosha. Marehemu baba yako, Mzee Ghalibu, alikuwa akinitania bila kibali chochote, na alitania vizuri kuliko wengi wenye kibali. Nimewauliza Wanyamwezi wa Isevya kama wanaweza kuwachukua. Wamekubali kwa kauli moja, ila wamependa kujua kama kwenu msibani mnapika pilau au biriani.

Naishia hapa, maana karatasi imekwisha kabla ya hasira. Nisalimie mama yako, na watoto, na fundi wako wa taa. Nisalimie mlinzi, kwa sababu niliyokwisha kuitaja na kuifuta. Nisalimie Revocatus na wapagazi wote, waambie wasibebe mizigo kwa shingo ngumu namna ile, wataumia. Nisalimie Mwalimu Godbless, umwambie sina kinyongo naye, na kwamba watani zake Wapare wapo hapa mjini wawili watatu na wanamuulizia. Wasalimie wanafunzi wa shule zote.

Ni mimi, ninayesikiliza ngoma yenu kupitia dirisha la nyuma,

Ezekia Ndahani.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari imekunjwa alipofika Revocatus kibandani kwangu, bila baiskeli, nikajua ana shida. Amesema Silasi amegoma kufa. Amewaambia kwamba tangu mtani wake afungiwe nje, kufa kumekosa ladha. Analala pale chini ya shuka, watoto wamekaa kama wako kwenye mtihani, na hakuna hata mtu wa kumwambia amekufa vibaya. Kuanzia Alhamisi hii atakuwa mtazamaji. Kikundi kinatafuta mzee mwingine, wa urefu wa machela ile, na aliyewapa jina langu ni Silasi mwenyewe.

Nimekubali. Nimeisoma kanuni yako mlangoni kwa makini, inamkataza Ezekia Ndahani kuwa mtazamaji. Kuhusu maiti haisemi kitu.

Kutokana na mabadiliko hayo, nimeipitia tena barua yangu na nimeona imeandikwa kwa jazba. Maonyesho yaendelee. Mpagazi atakuwa Mgogo aliyeajiriwa njiani, tumeshaelewana, na atakufa kwa utulivu. Nakuomba sana kanuni ya ukimya isifutwe, bali iandikwe upya kwa herufi kubwa, na chini yake, palipo na jina langu, liandikwe la Silasi Kapela. Kama ni lazima aingie, akae nyuma kabisa, na Mwalimu Godbless akae upande wake mmoja na mlinzi upande wa pili. Nimepata habari kwamba ameonekana sokoni akichagua jogoo, tena anayewika, na kwamba Wanyamwezi kadhaa wa Bukene wamekwisha kuulizia treni. Huyu mtu amenijua tangu ujana. Ana maneno, Bi Zeyana. Mbele ya watoto wa shule haifai.

Jana nimefanya mazoezi ya kufa hapa nyumbani, juu ya mkeka, Mektilda akinisimamia. Mama yake ni Mnyamwezi, kwa hiyo aliniuliza kama siku hiyo yeye atakuwa mfiwa au mtani. Nikamwambia atakuwa mwanafunzi, akae kimya kama wenzake, na Silasi naye atakaa kimya, na kila mtu atakaa kimya mpaka nizikwe. Akaniuliza, “Sasa babu, wote tukinyamaza, wewe utajuaje kama tumekulilia?”

Nikainuka mkekani, nikachukua kalamu. Mlango ufungwe, kama kanuni inavyosema. Ila ule wa nyuma, wa upande wa jukwaa, naomba mlinzi aurudishie tu, asiutie komeo.

E. N.